Kopo la Shangazi Dympna

Fintan alichukua shamba la chini,
lile linalokunywa maji mwaka mzima.
Assumpta alichukua saa ya ukutani
na karatasi za benki, maana yeye ndiye ajuaye hesabu.
Kufa kufaana.
Mimi nikaomba kopo la biskuti.

Fintan akalitikisa sikioni. "Mna pesa humu?"
Nikasema, mna kulabu.

Ilikuwa spoki ya baiskeli.
Babu aliikata mwaka aliokosa senti
za kumnunulia bintiye ya dukani,
akainoa kwenye jiwe la kizingiti
mpaka ncha ikajikunja kama kidole kinachoita,
akaitia mpini wa mfupa
wa ng'ombe aliyefia uzazini.
Mfupa huo una kishimo
ambacho hakuna aliyekichonga:
ni gumba lake, miaka sitini na mitatu,
likiegemea hapo hapo.

Natia gumba langu. Halikai.

Nilikuwa nimesahau. Shangazi alitumia kushoto.
Shuleni watawa waliufunga mkono ule kwa utepe
ili aandike kwa huu unaompendeza Mungu,
naye akaandika; barua zake zote
zimelala upande mmoja kama mvua ya Clones yenye upepo.
Lakini jioni, mlango ukishakomewa,
mkono uliofungwa uliurudia uzi wake.

Ndiyo maana alinikalisha mbele yake, si kando.
Goti kwa goti, mimi wa miaka tisa, kamasi zikichuruzika.
"Usinifuate," aliniambia. "Nitazame kama kioo."
Kushoto kwake, kulia kwangu.
Kitanzi, vuta. Kitanzi, vuta.
Waridi lake na waridi langu yakakua yakitazamana
mpaka baba alipoingia na buti za matope,
tukayaficha yote mawili chini ya aproni.

Yamo koponi. Yamegeuka rangi ya chai.
Imo kola ya ubatizo wa Assumpta, ambayo haikumbuki.
Glovu moja; pacha wake alizikwa na bibi.
Kipande cha gazeti chenye bei ya siagi,
na pembeni mwake mchoro wa jani, kwa penseli.
Na chini kabisa, ndani ya karatasi ya mkate,
kazi aliyoiacha: mkono wa gauni, nusu,
sijui gauni la nani,
kitanzi cha mwisho kimebanwa kwa pini
kisije kikakimbia.

Mfumaji anajua jambo ambalo mwenye shamba halijui:
mawaridi, majani, mafundo yote,
yanategemea kitanzi kimoja kilicho wazi.
Kivute tu,
na majira mawili ya baridi yanarudi kuwa uzi.
Kuna kitanzi kinachoua.
Hiki kinashikilia.

Usiku naegesha lori la maziwa nje ya Scotshouse.
Injini inapoa ikigongagonga,
taa ya ndani ni njano, mbwa wa watu wanabweka.
Nafungua pini.
Nimejaribu kwa kulia: uzi unakataa,
safu yake inakuja, mimi nakwenda.
Nimejaribu kwa kushoto: vidole vitano vya mbao,
mbumbumbu yule yule wa miaka tisa,
tena hana wa kumtazama.

Ila gumba.
Gumba liliingia kishimoni
likalala.

Vitanzi vitatu. Vibaya, vimelegea;
mwenye macho ataona alipoishia yeye na nilipoanzia mimi.
Nilishika uzi nivifumue,
nikauacha.

Pini nimeihamishia kwenye kile cha tatu.
Saa kumi na moja alfajiri kuna matangi ya kujaza,
na Fintan amepiga simu mara mbili
anataka kujua kama kopo lenyewe nalihitaji,
maana anatafuta pa kutia misumari.